Sifa za Wimbo Usiokiriwa

Katika vitu vyote ambavyo wanadamu huvipenda na kuvikana kwa wakati mmoja, hapana kilichodhulumiwa kuliko wimbo ule ambao mtu huusikiliza mlango ukiwa umefungwa na sauti imepunguzwa. Kwani mlevi ana watetezi wake, mvuta sigara ana kiwanda kizima kinachomsemea, hata mbu ana mabingwa waliosoma miaka mingi kwa ajili yake, walakini wimbo huu, usioomba chakula wala kodi ya pango, unaomliwaza mtu saa ya dhiki na kumtikisa mabega saa ya kufua, hukanwa mbele ya hadhara na wale wale walioukariri ubeti kwa ubeti. Nimeazimia kumtendea insafu dhalili huyu. Mimi ni mkazi wa Manzese, Dar es Salaam, na Manzese mtu yeyote mwenye masikio mawili anastahili kuitwa shahidi.

Sikatai kwamba kwingine aibu hii ina sura nyingine, na kwamba wapo wasomi wa chuo kikuu cha Mlimani wanaozificha nyimbo za filamu za Kihindi chini ya vitabu vya falsafa. Kwetu jina lake ni singeli. Kwa msomaji aliyejaaliwa kuishi mbali na spika, singeli ni muziki uliozaliwa katika mitaa yetu ya uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati na jirani zake, mwana wa mchiriku na mjukuu wa ngoma za Kizaramo, ambao mapigo yake hupita 200 kwa dakika moja, yaani takriban mara tatu ya mapigo ya moyo wa mtu mzima aliyekaa kitako. Na vijana walioubuni walichukua vipande vya ala za taarabu, wakavitia katika kompyuta na kuvihimiza mbio, hata fidla iliyokuwa ikilia kwa haiba na makini ikawa inakwenda kama kuku aliyeona kisu.

Fadhila yake ya kwanza ni kwamba hufundisha haya. Tumesomeshwa tangu chuoni kuwa haya ni tawi la imani, na sioni mtu wa kulipinga hilo. Basi na tuulizane kwa uadilifu: kasida imempa nani haya? Kwaya imemwinamisha nani kichwa? Mtu anayesikiliza kasida huongeza sauti ili mtaa mzima ujue yumo katika kheri, akaingiwa na ghururi ambayo ni maradhi ya moyo. Ilhali anayesikiliza singeli hupunguza sauti, hutazama kulia na kushoto, hujiona mkosefu mbele ya Mola wake na mbele ya mwenye nyumba, na katika hali hiyo ya unyenyekevu hudumu dakika tano nzima, jambo ambalo mawaidha mengi hayajapata kulifanya.

Karibu na daraja la waenda kwa miguu linalovuka Barabara ya Morogoro kipo kibanda cha kijana anayeingiza nyimbo katika flashi na memori kadi. Nilikuwa hapo nikingoja simu yangu ipate chaji, akaja mzee mmoja mwenye kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua, mtu ambaye ukimwona tu unatamani kumwomba ushauri wa mirathi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Niwekee mawaidha, na kasida, na zile taarabu za Juma Bhalo."

Kijana akaziweka. Mzee hakuondoka. Akakohoa, akayatazama magari ya mwendokasi yakipita, akaitengeneza kofia yake ambayo haikuwa na kasoro.

"Na zile nyingine," akasema kwa sauti ya chini. "Za mjukuu."

"Za mwaka huu au za mwaka jana, babu?"

"Za mwaka jana anazo."

Kijana yule, ambaye kwa maoni yangu serikali imekosea kutompeleka ubalozini, hakucheka wala hakuinua uso. Alizikusanya zote katika folda moja, akaiandika jina Mawaidha ya Pili, akamkabidhi mzee flashi yake kwa mikono miwili. Nauliza tena: ni muziki gani mwingine katika nchi hii unaozalisha adabu ya namna ile baina ya kijana na mzee?

Tena wimbo wa aibu hunoa kumbukumbu. Muulize mama yeyote wa makamo kama anaufahamu wimbo fulani, atakujibu kwa ukali kwamba yeye hajui upuuzi huo, hususan pale katika ubeti wa pili ambapo mwimbaji anamgeukia wifi yake. Watu ambao Wimbo wa Taifa huwashinda kufikia ubeti wa mwisho bila ya kumtazama jirani mdomoni wanaweza kukana nyimbo ishirini za singeli kwa kuzitaja moja moja, kila moja na jina la mwimbaji wake.

Wala msidhani fadhila hizi zimeanza na singeli. Katika miaka ya 1990, taarabu ya mipasho ilipokuwa ikigawa mji huu nusu kwa nusu, Khadija Kopa akiwa upande wa kundi la TOT na Nasma Khamis upande wa kundi la Muungano, wenye murua waliapa kwamba hawaihudhurii, na kumbi zikajaa watu wasiohudhuria. Mwanamke mwenye kisasi na jirani yake hakuhitaji balozi wa nyumba kumi wala polisi. Alisubiri wimbo wenye maneno yanayomfaa, akainuka na noti mkononi, akaenda kumtunza mwimbaji kwa mwendo wa pole, na jicho lake halikuwa kwa mwimbaji. Maneno si yake, sauti si yake, hakumtaja mtu. Aliyelengwa alijijua, akangoja zamu ya wimbo wake, naye akainuka. Sijui mahakama iliyomaliza kesi kwa gharama ndogo kuliko hiyo, na washtaki wote wawili wakiwa wamevaa vizuri.

Kuhusu vigodoro, ngoma zile za mtaani za usiku kucha ambazo wakuu wametangaza kuzipiga marufuku tena na tena, nitasema neno moja tu: zimewafundisha subira watu ambao mashekhe na mapadri walikwisha kuwakatia tamaa.

Aibu hii, zaidi ya hayo, ina nasaba tukufu. Siti binti Saad aliingia mjini Unguja akitoka Fumba, muuza vyungu, akachekwa kwa asili yake. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na alipokufa mwaka 1950 alikuwa ameacha jina ambalo Shaaban Robert hakuona haya kuliandikia wasifu. Mwaka 1969 wakubwa waliupiga marufuku muziki wa soul wa Marekani katika Dar es Salaam kwa hoja ya kuulinda utamaduni. Na vijana wa siku zile, waliokuwa wakiucheza huku mmoja wao akilinda mlango, ndio babu zetu wa leo wanaoilalamikia singeli kwa hoja ile ile, neno kwa neno, bila hata ya kuipangusa vumbi. Mchiriku nao, muziki wa kinanda kidogo cha Casio, ngoma na kipaza sauti cha mkono, ulihesabiwa kuwa kelele za wahuni mpaka Jagwa Music, kundi la Mwananyamala ambalo mmoja wa wapigaji wake hupiga kigoda cha mti kwa vijiti, lilipotolewa albamu na kampuni ya Ubelgiji mwaka 2012. Mwaka 2017 ikafuata zamu ya singeli ya Mburahati, iliyokusanywa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala katika albamu iitwayo Sounds of Sisso, na Wazungu wakaanza kulipa kiingilio kuicheza kelele ambayo sisi tulikuwa tukimlipa fundi atuzibie madirisha tusiisikie.

Na hapa ndipo hofu yangu inapoanza. Mwaka 2016 Professor Jay, mtu mwenye heshima yake katika muziki wa nchi hii, alimwita mwimbaji wa singeli Sholo Mwamba wakaimba pamoja Kazi Kazi, na tangu hapo mambo yameharibika kwa kasi ya singeli yenyewe. Redio zinaipiga mchana kweupe. Magari ya kampeni yanaitumia kuita watu. Nimemwona mheshimiwa, suti yake imefungwa vifungo vyote, akitikisa mabega jukwaani bila ya kutazama kulia wala kushoto, na nikamsikitikia, maana utamu wote umo katika kule kutazama. Wapo sasa wanaotaka iandikwe katika urithi wa taifa. Hawa ndio maadui wa kweli wa singeli, wabaya kuliko jirani yangu anayewapigia simu polisi, kwa kuwa jirani yule, baada ya kukata simu, huibakisha sikioni mpaka wimbo uishe.

Kwa hiyo nawasihi wenye mamlaka kwa taadhima kubwa. Baraza la Sanaa la Taifa liendelee kukunja uso. Wakuu wa wilaya wasichoke kupiga marufuku vigodoro, angalau mara moja kwa mwaka, maana marufuku ikikosekana watu hudhani sherehe imekosa ladha. Walimu waendelee kuwanyang'anya wanafunzi visikilizio. Zaidi ya yote, Wizara ya Elimu ijihadhari. Kwa sababu siku swali la singeli litakapotokea katika mtihani wa kidato cha nne, eleza dhima tano za singeli katika jamii kwa kutumia mifano, alama ishirini, vijana wote wa Manzese wataingia chumbani, watafunga mlango, na kusikiliza kwaya.