Mwongozo kwa Mwalimu Mpya Aliyekabidhiwa Utamaduni

Hongera. Umeripoti shule ya kata Jumatatu, ukapewa fizikia kidato cha kwanza hadi cha nne na hisabati ya kidato cha pili kwa sababu hakuna mwingine. Kabla hujajua choo cha walimu kiko wapi, makamu mkuu akatangaza kikaoni kuwa wewe ndiye mwalimu wa michezo na utamaduni. Usidhani kuna aliyeona kipaji chako. Wameangalia tu nani mdogo kuliko wote. Anayekuachia kiti atakukabidhi mali za idara kwa furaha isiyofichika: filimbi, mpira unaovuja na daftari la klabu.

Lifungue hilo daftari. Utakuta klabu nyingi kuliko madarasa: Malihai, Skauti, Fema, ya kupinga rushwa, ya mazingira. Roots & Shoots, hiyo ya mazingira, ilianza mwaka 1991 jijini Dar es Salaam, wanafunzi 12 wakikutana barazani kwa Jane Goodall. Tawi lako lina wanachama 140 na mche mmoja wa mwarobaini, ambao mbuzi wa jirani ameshaupitia. Majina yalinakiliwa kutoka daftari la mahudhurio, ndiyo maana kila mtoto ni mwanachama wa kila kitu, pamoja na wawili waliohama. Acha hivyo hivyo. Mdhibiti ubora wa shule akija atahesabu klabu, hatahesabu miche.

Muda utaupata kwenye ratiba iliyobandikwa ofisini. Jumatano mchana: michezo na sanaa. Kwa vitendo, Jumatano mchana ni ya kuchota maji, kusomba matofali ya maabara na kupalilia mahindi ya shule. Mwalimu Nyerere alipoandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule iwe pia shamba, na kwa upande wa shamba tumejitahidi sana.

Kwenye michezo usijichoshe. UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ina ngazi zake, wilaya, mkoa hadi taifa. Kazi yako ni kutafuta nauli ya ngazi ya kwanza, nayo haipo.

Mdahalo ni rahisi zaidi kwa kuwa hauhitaji nauli. Usihangaike kutafuta mada mpya. Zipo zinazojadiliwa tangu shule ilipofunguliwa enzi za MMES, ule mpango wa mwaka 2004 ulioziotesha shule hizi kila kata: elimu na fedha, mjini na kijijini, mwalimu na daktari. Elimu haijawahi kushindwa na fedha, maana waamuzi ni walimu. Usiwaulize waamuzi hao hao swali hilo tarehe 20 ya mwezi, mshahara ukiwa haujaingia.

Mdahalo utaendeshwa kwa Kiingereza, ndivyo utaratibu ulivyo. Msemaji wa kwanza atamsalimu mwenyekiti, katibu, mtunza muda, walimu na wasikilizaji watukufu, kisha atawapa pole wapinzani wake. Hapo nusu ya dakika zake imekwisha. Atatoa hoja moja, ataitoa tena, ataketi kwa makofi. Msemaji wa nne atasema anakubaliana na msemaji wa kwanza. Kutakuwa na utulivu mzuri sana, hata kuku wa mlinzi utawasikia wakiparura nje. Andika kwenye ripoti: nidhamu ilikuwa ya hali ya juu.

Jambo moja tu usilijaribu: kuruhusu Kiswahili kwa dakika kumi za mwisho. Ukiruhusu, atasimama binti wa dawati la nyuma ambaye hujawahi kusikia sauti yake, na ataanza hivi: "Mwenyekiti, mimi niko upande wa fedha. Mama yangu anauza karanga stendi. Ada imefutwa tangu 2016, ahsante serikali. Lakini hii sketi ni karanga. Daftari ni karanga. Uji tunaokunywa saa nne ni karanga. Sasa ninyi mnaosema elimu ni bora kuliko fedha, mmewahi kumlipa fundi cherehani kwa elimu?" Madawati yatapigwa. Watu watapanda madirishani. Mvulana wa upande wa pili atadai nafasi ya kujibu, naye atajibu vizuri, kwamba huyo mama angejua hesabu za faida asingekopa kwa riba ile, na binti atamrudi kabla hajaketi. Kengele ya kwenda nyumbani italia na hakuna atakayetoka. Fujo tupu. Fedha inaweza hata kushinda. Wiki inayofuata rudi kwenye utaratibu.

Sasa igizo. Kwenye fasihi wanasoma Ngoswe ya Edwin Semzaba, na wataomba waiigize. Wakubalie, kisha ifanyie marekebisho madogo. Ulevi uondoe, kwa ajili ya maadili. Karani kutoroka na binti wa watu kuondoe, kwa kuwa bodi ya shule itakuwepo. Makaratasi ya takwimu yasichomwe; karatasi ni ghali na shule ina deni dukani. Kitakachobaki ni sensa.

Mavazi hayana shida. Pamba ni ndevu, chaki ni mvi, koti la maabara ni daktari, na kitenge cha mke wa mkuu wa shule ni mama yeyote. Mlevi naye, hata umfute mara ngapi kwenye mswada, atajitokeza tu. Kila shule ina mvulana wake wa kuigiza mlevi. Mtazame siku moja kwa makini. Hapepesuki ovyo kama wengine. Anaegemea mlango kwa bega moja, anahesabu chenji kwa midomo bila kutoa sauti, anairudia, inampungukia, anamwangalia mtu aliye karibu naye kwa huruma kama vile huyo ndiye aliyeibiwa. Hakufundishwa na mtu. Anapita kilabuni kila siku akienda na kurudi shule, na anatembea polepole. Historia ana F. Mtaala ulioanza kutumika 2024 umeleta mkondo wa amali wenye nafasi ya muziki na sanaa nyingine, ila wewe ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo mwambie apunguze utani asome.

Haya yote yatabadilika siku mkuu wa shule atakapopokea barua: mgeni rasmi wa mahafali amekubali. Ghafla muda upo. Vipindi vya mchana vinafutwa, matofali yanasubiri, spika inakodiwa, na kila aliyewahi kukohoa kwa sauti nzuri anaitwa kwaya.

Utaagizwa ngonjera. Mathias Mnyampala aliitumia kueleza Azimio la Arusha, na umbo lake lilimfaa: mjinga anauliza, mjuzi anajibu, ubeti wa mwisho mjinga amekubali. Wewe utaitumia kueleza upungufu wa matundu ya vyoo. Kina cha mwisho kiwe "-uni" ili "mgeni wetu karibuni" lipate pa kukaa. Vijana wa kemia waonyeshe kile kimiminika kisicho na rangi kinachogeuka waridi. Mgeni atapiga makofi, na huo ndio utakuwa mchango wa sayansi.

Risala itaandikwa na mwanafunzi, maana yake utaiandika wewe, makamu ataisahihisha, na mkuu ataikata sentensi ya chakula. Iishie kwenye saruji. Mgeni atajibu kuwa amesikia, ataahidi mifuko, na watu watashangilia kwa namna ya watu waliowahi kuahidiwa mifuko. Kisha mlevi ataingia, bila kuitwa, na kina mama watasimama kumtunza noti za elfu elfu.

Jioni rudisha kitenge na koti, kwa mpangilio huo. Jaza ripoti ya afisa elimu kata: shughuli za sanaa zinaendelea vizuri. Kijana wa kidato cha pili atakufuata ofisini kuuliza kama nafasi ya mlevi sasa iko wazi, kwa kuwa kaka yule amemaliza, na kwamba yeye ana mlevi wake tofauti kabisa, wa kike. Mwulize kwanza alama zake za fizikia.