Namna ya Kufuga Kadi Elfu Moja Bila Kuliwa Nazo

Anza na kalamu za rangi. Zile nne ulizonunua bumu lilipoingia, ya njano, ya pinki, ya kijani na ya bluu, zitoe mkobani umpe mdogo wako wa chekechea. Yeye atazitumia vizuri kuliko wewe. Desa lililopakwa rangi mpaka likafanana na kanga ya harusini linapendeza, lakini halijakuuliza kitu na wewe hujajibu kitu. Macho yamepita, yameuzoea ukurasa, ukadhani umeujua. Hapo ndipo sapu inapotungwa mimba.

Hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kifungu kimoja walikisoma mara mbili. Kingine walikisoma mara moja, kisha wakaandika walichokumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika 5, kilichosomwa mara mbili kiliongoza. Baada ya wiki moja, walikumbuka asilimia 42 hivi ya kilichosomwa mara mbili, na asilimia 56 ya kile walichojipima. Mtihani wa kitivo haufanywi dakika 5 baada ya kufunga daftari. Na kwa wewe unayesomea udaktari, mgonjwa ndiyo kabisa, atakuja miaka mitano baadaye, usiku wa manane, bila kupiga hodi.

Kwa hiyo fuga kadi. Mbele swali, nyuma jibu, na wewe katikati unajikuna kichwa. Kujikuna huko ndiko kusoma kwenyewe, usikukimbie kwa kugeuza kadi haraka.

Banda lake si ghali. Mwenye simu ya Android ana Anki bure, programu iliyoanzishwa na Damien Elmes mwaka 2006, na jina lake ni la Kijapani lenye maana ya kukariri. Kadi zikishakuwa ndani ya simu, bando likiisha unaendelea kusoma. Kwenye iPhone inauzwa. Asiye na simu ya maana akate manila vipande vya ukubwa wa kiganja na atafute maboksi matatu ya viatu, kwa ufundi ambao Sebastian Leitner aliueleza kitabuni mwaka 1972. Boksi la kwanza fungua kila siku, la pili kila baada ya siku tatu, la tatu kila wiki. Ukipata, kadi inapanda boksi. Ukikosa, inarudi la kwanza, hata kama jana ilikuwa mheshimiwa wa boksi la tatu.

Sasa tuje kwenye kadi mnene, maana ndiyo inayomaliza vijana. Mbele imeandikwa: "Malaria kali: sababu, dalili, vipimo na matibabu." Nyuma kuna ukurasa na nusu kwa mwandiko wa sisimizi. Hiyo si kadi, ni desa lililovaa kaptula. Utaikosa leo, utaikosa kesho, na siku ya tatu utaanza kuikwepa kama mtu anayekudai nauli. Ichinje, uigawe vipande. Kipande kimoja: "Mtoto wa kilo 14, malaria kali. Artesunati ya sindano, miligramu ngapi kwa kila kilo?" Jibu: 3, kwa hiyo jumla 42. Kingine: "Mwenye kilo 20 na kuendelea?" Jibu: 2.4. Kingine: "Dozi ya pili na ya tatu, saa ya ngapi tangu ile ya kwanza?" Jibu: 12 na 24. Kadi tatu, na kila moja unaijibu ukiwa umesimama kwenye daladala, mkono mmoja bombani.

Utasikia kuhusu seti za kadi zilizo tayari, kama AnKing, yenye makumi ya maelfu ya kadi. Ni kazi nzuri ya watu makini, na ilitengenezwa kwa ajili ya mtihani wa leseni wa Marekani. Chukua humo anatomia na fiziolojia, maana figo ya Chicago na figo ya Temeke zinachuja damu namna moja. Ila dozi na mpangilio wa matibabu, soma mwongozo wa taifa uandike kadi zako mwenyewe. Kadi ya kuazima haijui dawa gani ipo kwenye stoo ya zahanati yako.

Mahali penye orodha kavu, weka chakula. Mifupa minane ya kifundo cha mkono naipanga kwa sentensi hii: Salma, leo tunapika pilau, tena tamu, kuku humo. Skafoidi, lunati, trikwetramu, pisifomu. Kisha mstari wa pili, trapeziamu, trapezoidi, kapitati, hamati. Kila mstari unaanza upande wa kidole gumba. Ukiichanganya ile miwili ya "tena tamu", kumbuka gumba limekaa juu ya trapeziamu. Tunga na sentensi zako, ziwe za ajabu kiasi cha kukuchekesha, maana kinachochekesha hakitoki kichwani.

Halafu lisha kila siku. Anki huanza kwa kukuwekea kadi mpya 20 kwa siku, ambazo kwa mwezi ni 600, na zote zitarudi kuomba kula. Mfugaji wa kuku hasemi leo nina diskasheni, wale kesho. Ukilala siku nne utakuta deni linalotisha kuliko la mangi. Likikufika, usifute banda zima kwa hasira: simamisha kadi mpya, lipa za zamani kidogo kidogo, kisha endelea na mpya 10 badala ya 20.

Kadi bora kuliko zote hutoka wodini. Kila ukimaliza raundi, andika lile swali uliloulizwa ukabaki unaangalia viatu vyako. Jina la mgonjwa na namba ya faili usiandike kamwe. Andika umri, uzito na kilichomleta. Kadi hiyo ina sura ya mtu, na aliyekufundisha amelala pale kitandani, hajui kama amekuwa mwalimu wako.

Leo usiku andika moja tu, swali moja na jibu moja. Kesho asubuhi, kabla ya chai, ikuulize.