Kiboko Mmoja, Wanafunzi Saba

Mwalimu uliyepewa kipindi cha maigizo hapa Kahendero, anza kwa kuwanyang'anya watoto karatasi. Zote, na yako ukiiweka juu. Kisha futa ubaoni neno "Wahusika". Ukiliacha, kengele haitalia kabla hujapata baba mwenye mto tumboni na ndevu za makaa, mama anayelia amewapa watazamaji mgongo, na mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, aliyekalia kiti cha plastiki. Watajipanga mstari mmoja kama wanaosubiri chanjo, na kila mmoja atapaza sauti asikike ng'ambo ya Ziwa George. Michezo ya namna hiyo tumeipigia makofi miaka mingi kwenye mashindano ya shule. Inatosha.

Maigizo ya mwili hayadai pazia wala maikrofoni. Yanadai miili, na miili ya watoto wa hapa imesoma mengi. Mtoto aliyekulia kijiji cha wavuvi, mbugani mwa Queen Elizabeth, anajua kuinama ukingoni mwa mtumbwi usipinduke. Anajua mkono wa mama anayepara samaki, ngege. Anajua kuganda mlangoni usiku akisikia kiboko anatafuna majani nyuma ya nyumba. Huyo amefanya mazoezi tangu azaliwe, ila hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni sanaa. Mwambie wewe.

Basi anza na kiboko. Gunia liache jikoni, na rangi usinunue. Chukua wanafunzi saba: wanne wawe mgongo, wawili taya, mmoja, yule mtulivu kuliko wote, awe macho. Wabanane bega kwa bega, wainame, wapumue pamoja. Siri yote iko kwenye pumzi. Wakivuta hewa kwa wakati mmoja, migongo minne inainuka kama mgongo mmoja, na mnyama anazaliwa mbele yako. Watataka kunguruma siku ile ile. Wakatalie. Wiki nzima watembee tu, uzito ukiwa chini, mguu ukishuka taratibu kwenye matope ambayo hayapo. Darasa litacheka, subiri kicheko kiishe. Siku kiboko atakapopita katikati ya madawati na wote wakavuta miguu yao ndani bila kuambiwa, umempata.

Kuna sababu nyingine ya kufuta maneno, nayo naiweka moyoni kuliko zote. Katika darasa moja huku Kasese utakuta Kikonzo, Kisongora, Kitooro, Kiganda, na Kiswahili kilichovuka na wachuuzi pale Mpondwe, karibu na Bwera. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, na mimi nilifurahi. Lakini yule msichana anayekaa nyuma bado anaogopa kukosea Kiingereza mbele ya wenzake, kwa hiyo kila muhula anapewa kushika pazia. Mpe kasia. Aongoze mtumbwi wa watu sita wasiokuwa na mtumbwi, wafuate mabega yake. Utaona nani nahodha.

Mwalimu mkuu akikuuliza mchezo gani huu usio na mazungumzo, mtajie Robert Serumaga. Mganda huyu alisomea uchumi Dublin, akarudi nyumbani na kuanzisha kundi la Abafumi, yaani wasimulizi. Tamthilia yao Renga Moi, iliyotungwa mwaka 1972, ilifika hadi London mwaka 1975. Mwaka 1974, Idi Amin akiwa madarakani, walitunga Amayirikiti, jina la miti yenye maua mekundu kama moto. Hakuna mazungumzo ndani yake. Miili inaanguka, inabebwa, inaomboleza, na mtazamaji anajua vizuri anaangalia nini. Ni nchi ile ile ambayo mwaka 1977 mwandishi wa tamthilia Byron Kawadwa alikamatwa na kuuawa. Kwa hiyo ukimya jukwaani si mchezo wa watoto wasiojua kusema. Mwalimu mkuu akiisha kusikia hayo, mwombe uwanja.

Maji ni rahisi kuliko unavyodhani. Wastani wa kina cha Ziwa George ni kama mita 2.4. Msimamishe kijana mrefu kuliko wote, anyooshe mikono juu: vidole vyake vimekaribia usawa wa maji. Sasa wote waliobaki wasimame pembeni yake, mikono juu, viganja vikiyumba polepole, na yeye apige magoti. Watu wanazama kwenye ziwa la kina hicho. Watazamaji wa Kahendero hawatahitaji kuelezwa.

Neno moja kuhusu mafuriko, maana kila darasa litayataka. Mto Nyamwamba uliishukia Kasese mwaka 2013, ukarudi tena mwaka 2020, na maji yake huishia ziwani humu. Usimwagize mtoto aliyepoteza nyumba acheze nyumba inayobomoka. Mwache awe mto, kama mwenyewe anapenda. Au apige ngoma. Au akae karibu nawe atazame. Hapa usiwe na haraka hata kidogo.

Onyesho lifanyike ufukweni, alasiri, kabla wavuvi hawajatoka kutega. Watazamaji wakae mduara. Mtumbwi uondoke na watu sita, wavute wavu usioonekana, kiboko apite, mikono ya maji iinuke, na mtumbwi urudi na watu watano. Wanaosubiri nchi kavu wahesabu kwa macho tu. Mmoja anahesabu mara ya pili. Ngoma inyamaze.

Hapo mzee mmoja atasimama alalamike kwamba wavu hauvutwi namna ile. Usimkalishe. Mwite, "Karibu, mzee," umsogezee nafasi ya mtu wa sita, avute.