Kwa Mmiliki Mpya wa Mlo wa Bibi

Mkuu wa Kitengo cha Mikataba na Ununuzi,
Shirika ambalo kifungu cha 14 kinanikataza kulitaja,
Ghorofa ya juu kabisa.

YAH: MAOMBI YA UFAFANUZI WA KIFUNGU CHA 14 (UMILIKI, USIRI NA UTEKETEZAJI WA TAKWIMU ZA TATHMINI)

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mdadisi. Mwaka jana nilisaini mkataba wenu wa kurasa 27 kwa kazi ya siku 18: kupita kaya kwa kaya na kishikwambi mkononi, kuwauliza wanakijiji kama mradi wenu wa maji umewafaa. Nilisaini nimesimama, karatasi zikiwa juu ya boneti ya Land Cruiser, dereva akipiga honi. Kosa ni langu. Sasa posho imekwisha, nimepata nafasi ya kuusoma, na ninayo maswali machache.

Kifungu cha 14.1 kinasema takwimu zote, ghafi na zilizochakatwa, zikiwemo lakini si tu majibu, picha, sauti na maoni ya mdadisi, ni mali ya Mteja, yaani ninyi, tangu zinapokusanywa. Siku ya tatu nilimkuta bibi mmoja akianika mlenda uani. Nikamwamkia, nikapewa kigoda. Nikainua kishikwambi juu kusubiri setilaiti, maana fomu haifunguki mpaka usahihi ufike mita 5.

"Unatafuta nini huko juu, mjukuu wangu?"

"Natafuta ulipo, bibi."

"Si niko hapa?"

Tukaendelea. Swali la 47: jana kaya ilikula milo mingapi? Akasema mmoja. Nikabonyeza 1. Kwa mujibu wa kifungu chenu, hapo hapo mlo ule ukabadilisha mmiliki. Bibi alikuwa nao mmoja tu, nami nikauchukua.

Naomba ufafanuzi. Jirani akipita jioni akamuuliza bibi, "Jana mlikula?", je, bibi ajibu, au kwanza aombe idhini ya maandishi ya Mteja kama kifungu cha 14.2 kinavyotaka? Mnasema maombi hujibiwa ndani ya siku 10 za kazi. Jirani yuko tayari kusubiri, ila ameuliza kama hizo siku 10 atazihesabu kabla ya kula au baada ya kula.

Nihamie kwenye usiri. Kabla ya dodoso nilimsomea bibi fomu ya ridhaa: "Majibu yako yatakuwa siri." Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Sikujua wakati ule kwamba yeye mwenyewe ni miongoni mwa watakaofichwa. Ripoti imeandikwa, imepitishwa, imefungiwa. Kijijini hakuna aliyeiona.

Siri hiyo mnailinda kweli, na nawapongeza. Ila kuna jambo dogo. Siku ya tano mtandao ulikataa, fomu hazikupanda, msimamizi akaagiza tutume orodha kwenye kundi la WhatsApp. Tukatuma: majina, namba za simu, ugonjwa uliopo nyumbani, na alama ya GPS ya mlango wa kila mmoja. Kundi lilikuwa na watu 34, akiwemo dereva wa awali aliyeachishwa kazi na mtu mmoja ambaye hadi leo hatujui aliingiaje. Nimetafuta kifungu tulichovunja, sijakiona, kwa sababu hatukuvujisha matokeo. Tulivujisha watu tu.

Wenzenu wanajua kufanya vingine. Tafiti za DHS, zile za afya na idadi ya watu, kabla ya kuwapa watafiti alama za GPS huzisogeza makusudi, hadi kilomita 2 mijini na kilomita 5 vijijini, na chache za vijijini hadi 10, ili mtu asije akabisha hodi kwa aliyejibu. Ninyi mmeshika mlango wa bibi kwa usahihi wa mita 5, mkaificha habari ya pampu yake.

Hiyo pampu ndiyo iliyotupeleka pale. Wakubwa wa OECD, umoja wa nchi tajiri, waliweka vigezo 5 vya tathmini mwaka 1991, wakaongeza cha 6 mwaka 2019, na uendelevu umo tangu mwanzo. Nilipofika kwenye swali la uendelevu, bibi hakusema neno. Alinyoosha kidole. Kwenye mkono wa pampu zilikuwa zimeanikwa khanga, na khanga zilikuwa zimekauka vizuri, kwa kuwa pale hapana hata tone la kuzilowesha. Jibu hilo ni mali yenu, nami nathibitisha mmelitunza: sijaliona popote. Nililoliona ni kalenda yenu ya mwaka huu, mwezi wa Juni, pampu ile ile siku ya uzinduzi, maji yakiruka.

Naomba pia msaada kuhusu kifungu cha 14.6. Ndani ya siku 30 natakiwa nisaini cheti kwamba nimeteketeza nakala zote "katika umbo lolote". Simu nimefuta. Daftari nimelichoma jikoni, na chai ilichemka. Imebaki nakala moja, iko kichwani. Nimejaribu kuiteketeza, lakini kila nikifungua bomba naziona zile khanga. Je, kuna fundi mnayemtambua? Gharama ni ya nani? Na kwa kuwa kifungu cha 14.7 kinasema masharti haya yatadumu bila ukomo hata baada ya mkataba kwisha, naomba kujua kama nikifa wanangu watarithi usiri huo peke yake, au pamoja na deni la posho ya siku mbili ninalowadai.

Msinielewe vibaya, usiri naupenda, na sheria nayo inaupenda. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Wakenya walitunga ya kwao mwaka 2019. Zote zinamtambua mwenye taarifa, na zinampa haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje na kuzifikia. Nikasema nimtafute bibi katika mkataba wenu. Neno "Mteja" nimelihesabu mara 61. "Mshauri Elekezi" mara 48. "Mhojiwa" mara moja, kiambatisho cha 4, chini ya gharama ndogondogo: kila mhojiwa apewe kipande kimoja cha sabuni. Hakuna maji, lakini sabuni ipo.

Kisha kuna hili la mmiliki kufunga duka. Februari 2025 tovuti ya USAID, shirika la misaada la Marekani, ilizimwa, na hazina yao ya ripoti na tathmini za miongo kadhaa ikazimika nayo. Ufadhili wao kwa zile tafiti za DHS ukakatwa. Watu wa kujitolea wakawa wanahangaika kuokoa walichoweza. Na zile zilikuwa za wazi, zenye nakala huku na huko! Zenu, zilizoteketezwa kila mahali isipokuwa kwenye kabati lenu, siku mtakapofungasha atazikumbuka nani? Nitabaki mimi na kichwa changu kilichoshindwa kuungua.

Kwa heshima zote naomba mkataba ujao uwe na mistari mitatu, na ili usizidi kurasa 27 mnaweza kutoa kiambatisho cha sabuni. Kwanza, majina, simu na alama za GPS zitenganishwe na majibu mapema, zikae kwa mtu mmoja anayejulikana, na ziteketezwe hizo, badala ya daftari langu. Pili, majibu yaliyokwisha kuondolewa majina yawekwe wazi, kama zinavyowekwa takwimu za utafiti wa kufuatilia kaya ulioanza hapa nchini mwaka 2008, ili mwanafunzi wa Dodoma asirudi kumuuliza bibi swali la 47. Tatu, kabla ripoti haijapanda ndege, matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, na wanakijiji wapewe nafasi ya kusema "hapo mmekosea".

Nikiaga siku ile, bibi alinishika mkono. "Mjukuu wangu, majibu yatarudi lini?" Sikuwa na la kusema, nikaliandika swali lake kwenye kisanduku cha maoni ya mdadisi. Kwa kifungu cha 14.1, swali hilo nalo ni mali yenu. Mimi siruhusiwi kulijibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mdadisi Na. 09
(jina limeteketezwa kwa mujibu wa 14.6)

Nakala kwa:
Mwenyekiti wa Kitongoji – kwa taarifa.
Bibi – kwa mdomo, kwani mkataba ni wa Kiingereza.