Vita vya Lita 200

Wanunuzi wengi wa samaki wa mapambo wanaamini kwamba samaki mzuri ni samaki mpole, na imani hiyo inawakausha mifuko. Mtu anaingia dukani, tuseme London au Chicago, anakutana macho kwa macho na kangaja wa buluu aliyevuliwa pwani ya Kenya na kupandishwa ndege ndani ya mfuko wa plastiki: uso mweusi, koo jeupe, pezi la mgongoni njano tupu. Papo hapo anaamua kwamba kiumbe aliyepambwa namna ile hawezi kuwa na roho mbaya. Keshokutwa anarudi kumnunulia mwenzake, asije akafa kwa upweke. Sasa, kangaja ana wembe kila upande wa shina la mkia, na hakupewa kwa ajili ya kunyolea ndevu. Mgeni hajamaliza hata kulizunguka jiwe la kwanza, mwenyeji amekwisha kumgeuzia ubavu, kasimamisha mapezi na kuanza kumchapa kwa mkia. Kufika jioni mgeni yuko nyuma ya pampu, mapezi yamechanika, anahema.

Dukani watakwambia kosa ni la mteja, kwa nini hakusoma jedwali? Wanakusudia lile lenye miraba ya kijani, njano na nyekundu, linaloonyesha nani akae na nani. Jedwali lina faida zake, lakini linawapima samaki kwa tabia, kana kwamba wanaomba kazi. Mimi nashikilia kwamba amani ya tangini haitokani na tabia njema. Inategemea kama samaki wanagombea kitu kimoja, na kama anayeshindwa ana pa kukimbilia. Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, alikianza kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu ugomvi wa wanyama kwa habari za samaki wa matumbawe, baharini na tangini. Aliona kwamba wale wenye rangi kali huwashambulia wa aina yao wenyewe kwa hasira nyingi kuliko wanavyowashambulia wa aina nyingine. Ndege wa rangi moja huruka pamoja, sikatai, lakini kangaja hajawahi kuisikia methali hiyo. Yeye anakula mwani unaoota juu ya jiwe. Samaki anayedaka vidudu katikati ya maji hamhusu. Anayemhusu ni mwenye mdomo kama wake, maana huyo amekuja kula chakula chake.

Hapo mzamiaji wa Watamu atanikatiza: mbona miambani kangaja huonekana makundi kwa makundi, wakila pamoja? Ni kweli. Lakini mwambani anayechapwa huogelea hatua kadhaa, akatoweka nyuma ya tumbawe, na kesi ikafungwa. Tangi la lita 200 lina urefu wa mita moja hivi. Mshindwa anatimua mbio, anafika kwenye kioo, na mshindi anapogeuka anamkuta bado yupo. Kwa hesabu za kangaja hiyo ni dharau, basi anaanza upya. Njia iliyobaki ni ya juu, na wapo wanaoitumia: siku ya usafi anaokotwa nyuma ya kochi, amekauka kama ng'onda, na paka wa watu anasingiziwa.

Basi nunua tangi kubwa, watasema wenye fedha. Nafasi inasaidia, sibishi, ila lita 1,000 za maji ya bahari ni zaidi ya tani moja kabla hujahesabu kioo na mawe, na mpangaji wa ghorofa ya chini naye ana haki ya kulala. Tena kuna chewa, ambaye nafasi haimgusi. Huuzwa akiwa wa ukubwa wa kidole. Hamfukuzi mtu, hachani pezi la mtu, hana neno na yeyote. Idadi ya majirani tu ndiyo inayopungua.

Wengine huona heri wafuge wadogo. Hapa ndipo anapoingia damseli, samaki wa urefu wa dole gumba. Zamani ilikuwa desturi kumtanguliza katika tangi jipya kwa kuwa huvumilia amonia ambayo ingewaua wengine. Akishavumilia, anajiona mwenye nyumba, na kila samaki wa bei mbaya anayeletwa baada yake ni mpangaji asiyelipa kodi. Ndiyo maana wazoefu huwatanguliza wanyonge na kumweka mgomvi mwisho, au huyapanga mawe upya ili mipaka ya zamani ifutike. Kumtoa damseli aliyekwisha kutawala ni shughuli nyingine: mawe yote yako kwenye ndoo, zulia limelowa, mwenye tangi ameloa hadi kwapani, na anayewindwa bado anazunguka akimdonoa vidole.

Kwa kangaja kuna hila nyepesi zaidi. Bandika kioo cha kujitazamia ubavuni mwa tangi siku ya kumwingiza mgeni. Mwenyeji atakutana na kangaja wa saizi yake, mwenye hasira kama zake na asiyerudi nyuma hata inchi moja, na atashughulika naye huku mgeni akitafuta pango la kulala. Siku chache zinaweza kutosha. Ila ukikiondoa, kaa karibu na wavu.