Maneno Saba ya Kiingereza ya Kuyajua Kabla Hujaweka Saini

Biashara unaifanya kwa Kiswahili kuanzia asubuhi mpaka unafunga duka, halafu mkataba wa mkopo unaletewa kwa Kiingereza. Usikimbilie kununua kamusi nene ya biashara na kuanza na herufi A. Ukifika D, A imeshakutoka. Anza na maneno yanayogusa mfuko wako. Haya saba nimeyapanga kutoka lile la kukushtua kidogo hadi lile la kukufilisi.

7. "Outstanding"

Mwalimu akiliandika kwenye ripoti ya mtoto, chinja kuku. Likiwa kwenye ankara iliyoletwa dukani kwako, "outstanding balance" ni deni ambalo hujalimaliza. Kuku huyo huyo muuze.

6. "Guarantor"

Shemeji amekuja na kalamu yake mwenyewe: "Weka saini hapa tu, ni utaratibu." Si utaratibu hata kidogo. Guarantor ni mdhamini, na shemeji akikwama, simu ya benki inakuita wewe. Mpende shemeji, lakini soma karatasi.

5. "Overdraft"

Kutumia zaidi ya ulichonacho kwenye akaunti, kwa ruhusa na kwa gharama. Wakenya wengi wamelizoea kwa jina la Fuliza, huduma iliyoanza kwenye M-Pesa mwaka 2019. Inakuokoa nauli ya jioni ikipungua. Usiifanye mtaji.

4. "Net"

Hili lina kazi mbili, zote za pesa. Kwenye hati ya mshahara, "gross" ni mshahara kabla ya makato, na "net" ni kile kinachobaki baada ya kodi na mchango wa hifadhi ya jamii kama NSSF. Kwa hiyo ukiulizwa kwenye usaili unataka kiasi gani, usitaje namba ikiwa uchi. Sema ni gross au ni net, la sivyo mwisho wa mwezi utadhani mhasibu ana ugomvi na wewe.

Kazi ya pili iko kwenye ankara. "Net 30" maana yake mteja ana siku 30 za kukulipa. Kama unapeleka nyanya hotelini, fikiri mara mbili: hoteli inasubiri siku 30, mkulima wako hasubiri hata tatu.

3. "Credit"

Mteja akichukua unga kwa credit, pesa haijaingia. Taarifa ya benki ikiandika credit, pesa imeingia! Wengi wanakwama hapa, na sababu yake ni rahisi: benki inaandika kwa upande wake. Pesa uliyoweka ni deni ambalo benki inadaiwa na wewe, ndiyo maana ikiongezeka wanaandika credit, na ukitoa wanaandika "debit". Chukua taarifa yako ya mwezi uliopita, pita mstari kwa mstari na kalamu. Mali bila daftari huisha bila habari, hata kama daftari lenyewe limeandikwa Kiingereza.

2. "Turnover"

Ni mauzo yote, kabla hujatoa hata senti ya gharama. Anayelichanganya na faida atajiona tajiri mpaka siku ya kodi. Kenya ina kodi inayoitwa kwa jina hili hili, turnover tax, inayomhusu mfanyabiashara mdogo anayeuza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, na kuanzia Julai 2023 kiwango chake ni asilimia 3. Asilimia 3 inasikika kama chumvi tu kwenye mchuzi. Sasa piga hesabu ya muuza mitumba anayeuza shilingi 200,000 kwa mwezi na kubaki na faida ya 20,000. Kodi ni 6,000, karibu theluthi ya faida yake. Na mwezi akipata hasara, mauzo bado ni mauzo.

1. "Flat rate"

Hapa ndipo watu wanapoumia, maana neno lenyewe linasikika la upole.

Tuseme umekopa shilingi 1,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Kwa flat rate, riba inahesabiwa kwenye milioni nzima kila mwezi, hata baada ya kurejesha sehemu kubwa. Kila mwezi 20,000, jumla 240,000. Kwa "reducing balance", riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki tu. Ukirejesha mkopo wenyewe kwa mafungu sawa, jumla ya riba ni 130,000. Asilimia ni ile ile 2, tofauti ni shilingi 110,000.

Tazama mwezi wa 12. Deni lililobaki ni 83,000 na ushei. Kwenye reducing balance riba ya mwezi huo haifiki 1,700. Kwenye flat rate bado unatoa 20,000, kama vile milioni yote iko mkononi mwako.

Basi kabla hujashika kalamu, muulize afisa mikopo swali moja: "Flat or reducing?" Kisha mwombe "repayment schedule", yaani ratiba ya marejesho, uione kwa macho yako, na ujumlishe safu ya riba mwenyewe. Akikuharakisha, rudi nyumbani na kalamu yako.