Saa Inapompunja Mpagazi: Namna ya Kusahihisha Hesabu ya Hatua

Mtu atoke Kwihara na ndoo ya asali kichwani, afike sokoni Tabora jasho likimchuruzika, halafu saa ya mkononi imwambie hajatembea kitu. Hiyo ni dhuluma, na dawa yake ipo. Fuata utaratibu huu, usiruke kipengele.

1. Jua kinachohesabiwa. Saa haioni miguu. Ndani yake mna kihisi kinachofuatilia mtikisiko wa mkono, kisha programu inakisia hatua. Mkono ulioshika ndoo juu ya ngata hautikisiki vya kutosha, basi hatua zinapotea. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba kilo 30 na zaidi kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, pembe ya ndovu begani na mkono umeishikilia. Waliotembea kuliko wote katika njia hii ndio ambao saa ingewapunja kuliko wote.

2. Hamisha kifaa. Mkono mmoja ukishika mzigo, vaa saa kwenye mkono unaoning'inia. Mikono yote ikiwa kazini, tia simu mfukoni mwa suruali au ifunge kiunoni kwa kanga. Kila unapokanyaga, kiuno nacho hutikisika.

3. Kataa hatua za bure. Bodaboda kwenye barabara yenye mashimo inaweza kukuandikia hatua ukiwa umeketi, na kutwanga kisamvu vilevile. Vua saa kabla ya kupanda au kushika mchi. Kwenye baiskeli mambo hugeuka: mikono imetulia kwenye usukani huku miguu ikichapa kazi. Hapo chagua zoezi la baiskeli kwenye programu.

4. Kagua mipangilio. Hakikisha programu ina ruhusa ya kusoma mwendo wako. Simu nyingi huizima programu hiyo kimyakimya ili kuokoa chaji. Zuia simu yako isifanye hivyo. Kama saa na simu zote zinatuma hesabu, chagua chanzo kimoja, la sivyo hatua moja itaandikwa mara mbili.

5. Jaribu. Tembea hatua 100 ukihesabu kwa mdomo, mikono mitupu. Rudia ukiwa na mzigo. Zikipungua mbili tatu, endelea na safari. Ikipotea nusu, rudi kipengele cha pili. Kisha pima mita 100 kwa futi ya kamba, uzitembee, ugawanye kwa idadi ya hatua zako, na jibu uliingize kwenye programu. Mwenye hatua ya sentimita 75 hupiga kama hatua 1,333 kwa kilomita. Kwa kawaida mzigo mzito hufupisha hatua, kwa hiyo pima nao pia.

6. Usitishwe na lengo la hatua 10,000 kwa siku. Lengo hilo lilienezwa na kifaa cha kuhesabia hatua kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1965. Linganisha na njia ya wapagazi wale: Bagamoyo hadi Ujiji ni kilomita 1,200 hivi, yaani hatua milioni 1.6 kwa kipimo kile cha sentimita 75. Matajiri wa misafara walihesabu frasila za pembe, si nyayo za aliyezibeba.

7. Saa ikigoma bado, ingiza matembezi yako mwenyewe. Programu nyingi zinaruhusu. Andika ulikotoka, ulikofika na uzito uliobeba. Kazi iliyofanyika ihesabiwe.